Mkono Mtupu Haulambwi?

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Gichin Funakoshi (1868–1957), mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alishikilia kwamba karate iandikwe "mkono mtupu" badala ya "mkono wa Kichina". Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Temeke na Kinondoni walichota mateke tu, basi. Tawasifu yake ya 1956 inafundisha kutoanza ugomvi. Kifani ni visa vifupi vifupi. Uzito wa maudhui uko pale mzee, ana miaka 80 hivi, anapomkamata mporaji pabaya, halafu anakiri hajivunii: amefanya kile anachowakataza wanafunzi wake. Shujaa wa sinema hajishtaki hata siku moja! Na mtaani asiyeanza kupiga bado huitwa mwoga. Ndugu msomaji, mkono mtupu huu unalambika.