Hongera, flashrom

Umeme ukikatika wakati kompyuta inasasisha programu yake ya kuwashia, bodi huweza kugoma kabisa kuwaka. Fundi mwenye flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu za kumbukumbu, hafi moyo. Hubana kibanio kwenye chipu ya miguu 8 inayohifadhi programu ya kuwashia, huunganisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kisha husoma kilichomo na kukihifadhi kabla ya kuandika chochote. Ninachokipenda zaidi ni uangalifu wa flashrom yenyewe: hulinganisha data, hufuta sehemu zinazotofautiana tu, huandika, halafu husoma tena kuhakikisha.

Flashrom ilizaliwa ndani ya LinuxBIOS, mradi wa programu huria ya kuwashia kompyuta, ambao tangu 2008 unaitwa coreboot. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi. Pongezi za dhati kwa wanaojitolea kuongeza chipu mpya, moja baada ya nyingine, bodi nzima zisitupwe kwa sababu ya megabaiti chache zilizoharibika.