Sanamu ya mzee kipofu: tunaangalia nani?

Wandugu, wengi wetu tumeisha kuona ile foto: mtoto anatangulia ameshika fimbo upande mmoja, mzee kipofu anafuata ameshika upande wa pili. Ni sanamu ya bronzi, kazi ya R.T. Wallen, Mmarekani. Iko Geneva kwenye OMS, tena Washington kwenye Benki ya Dunia.

Ninaisifu kwa jambo moja: haifichi bei ya ugonjwa. Ule mtoto angekuwa shuleni, lakini macho yake yanafanya kazi ya mtu mwingine.

Shida yangu ni kwamba sanamu inatuvuta tumwangalie mzee tu. Tunamuhurumia, kisha tunafikiri dawa ilikuja juu yake. Haiko hivyo. Onkoserkose, ule upofu wa mito, inaletwa na inzi mdogo mweusi anayezaa kwenye maji yenye kukimbia. Akiuma mtu, anamwachia vijidudu vinavyokomaa kuwa minyoo. Ile minyoo inazaa watoto wengi sana, wanatembea chini ya ngozi mpaka kwenye macho. Wakifia mule, mwili unapigana na mizoga yao: jicho linakuwa jekundu, linavimba, linabaki na kovu. Miaka ya mapigano kama hayo ndiyo inaleta giza.

Ivermektini, ambayo Merck ilianza kuitoa bure 1987, inaua wale watoto wa minyoo. Wazazi wao wanabaki mwilini, wanaweza kuishi miaka 10 mpaka 15. Sisi wa agronomia tunaelewa mbio: ukikata majani na kuacha mizizi, utarudi na jembe. Ndiyo maana dawa inarudi kila mwaka. Na jicho lililoisha kufa, haiwezi kulirudisha.

Basi yule mzee, kidonge kinaweza kumpunguzia kuwashwa kwa ngozi, lakini hataona tena. Mwenye kuokolewa ni mtoto, mwenye macho mazima, juu anakaa kando ya mto ule ule.

Hapa kwetu Congo kuangalia mzee peke yake kunatuumiza. Kijana anasema: «Mimi naona vizuri, dawa ya nini?» Anangojea kufanana na mzee ndipo akubali.

Wengine watajibu kwamba kuna sehemu za pori ambako dawa hiyo ilisumbua watu vibaya. Ni kweli: mtu mwenye Loa loa nyingi sana kwenye damu, dawa inaweza kumletea shida kubwa ya ubongo. Hiyo ni sababu ya kupima damu na kufuatilia watu huko. Haiko sababu ya kila mtu kukataa.

Kama ningeombwa sanamu ya pili, fimbo ingebaki, lakini ningeisimamisha wima. RECO wa kijiji akigawa dawa hii hatafuti kilo; anapima urefu kwa fimbo, na aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Ningeonyesha mtoto aliyeifikia alama kwa mara ya kwanza, kidonge mkononi. Nyuma yake, watu wazima kwenye mstari, wote wanaona.

RECO akipita kwenu mwaka huu, tusimame kwenye ule mstari, hata sisi wenye diplome. Wadogo wetu wanatuangalia.