Seminari Ndogo na Kijiji cha Rika

Msafiri atokaye Mbeya mjini kwa barabara kuu iendayo Tunduma hufika Mbalizi kabla hajachoka kukaa garini. Ni mji wa soko na wa magari ya mizigo, uliokua katika nchi ya Wasafwa. Huko Mbalizi ndiko iliko pia seminari ndogo ya Kanisa Katoliki la Mbeya, yaani shule ya bweni ya wavulana wanaoandaliwa kuielekea njia ya upadre. Katika makala haya tunakusudia kuitazama shule ya namna hiyo, si ya Mbalizi peke yake bali na wenzake kama ile ya Mafinga mkoani Iringa, kwa jicho la mhakiki wa utamaduni. Hatuulizi kama mafundisho yake ya dini ni ya kweli. Hilo si shauri letu hapa. Twauliza maisha yaishiwayo humo yanamlea mvulana awe mtu wa watu gani.

Wapo wasemao kwamba seminari ni kisiwa cha kigeni kilichopandwa katikati ya mashamba yetu. Neno hilo lina ukweli wake. Kanuni ya seminari ilitungwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563, ulioagiza majimbo yawe na mahali pa kuwalelea wavulana waliotimiza angalau miaka 12. Kutoka huko ndiko ilikotoka siku inayokatwa vipande kwa kengele: kuamka alfajiri, sala, misa, darasa, kazi za mikono, mpira, masomo ya jioni, kisha ule ukimya mkuu wa usiku ambao hata mwenye maumivu ya jino huuogopa. Juu ya yote yupo gombera, ambaye neno lake si rahisi kulipinga.

Hata hivyo, tukiishia hapo tutakuwa tumehakiki asili ya kitu na kukiacha kitu chenyewe. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zilimtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kuidharau kazi ya jembe. Kwa lawama ya pili, seminari ilikuwa na la kujibu, maana kulima, kufuga na kufagia vilikuwa sehemu ya ratiba yake tangu zamani, na mtoto wa mwalimu alishika fagio lile lile alilolishika mtoto wa mkulima. Kwa lawama ya kwanza, haikuwa na jibu. Na Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, seminari ziliachwa kwa wenyewe. Kwa hiyo swali la kutengwa na jamii lilibaki ndani ya ua wao, na ni wao wapaswao kulijibu.

Ili tulipime swali hilo hatuna haja ya kwenda Ulaya. Tuvuke milima kusini mwa Mbeya, tushuke Rungwe kwa Wanyakyusa. Huko, kabla desturi hiyo haijafifia, mvulana wa miaka kumi au kumi na mmoja alihama nyumba ya baba yake akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa umri mmoja, pembeni mwa kijiji cha wazee. Hicho ndicho kijiji cha rika. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikitafiti kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kimekieleza kwa kirefu. Kiini cha malezi hayo kilikuwa ukwangala, yaani furaha na adabu ya kukaa na wenzio, kula nao, kuzungumza nao na kujifunza busara katika mazungumzo hayo. Mtu aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka.

Nani asiyeona undugu hapa? Kumtoa mvulana nyumbani katika umri huo, kumlaza pamoja na wenzake, kumlisha katika kundi na kumfundisha kwamba nafsi yake si kitu cha kwanza, hayo yote Nyanda za Juu za Kusini ziliyajua bila kuambiwa na Trento. Mvulana wa Rungwe aingiaye bwalo la seminari haingii ugenini kabisa. Na tuongeze kwamba bweni linaweza kufanya jambo ambalo kijiji cha rika hakikulifanya: kuwalaza pamoja Msafwa, Mnyakyusa, Mnyiha na Mhehe, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili.

Lakini tofauti ni kubwa, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Kijana wa rika alilala kwake, ila chakula alikila kwa akina mama. Kundi zima lilizunguka leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Shamba la baba aliendelea kulilima mpaka alipooa. Alitoka nyumbani pasipo kuondoka nyumbani. Mseminari hula chakula ambacho hakuona kikipikwa na mama yeyote, hulima shamba lisilo la ukoo wake, na nyumbani hurudi wakati wa likizo kama mgeni wa heshima, akipewa kiti kizuri. Tunaona kwamba kiti hicho ni hasara. Wala si sisi tu tuonao hivyo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya malezi ya mapadre, ulitaka vijana wa seminari ndogo wasikatwe na familia zao, na masomo yao yapangwe ili atakayechagua maisha mengine aweze kuyaendeleza kwingine bila taabu. Jambo la masomo limetekelezwa vizuri, kwa kuwa waseminari hufanya mitihani ile ile ya taifa. Jambo la familia bado ni gumu, maana linagusa kengele yenyewe.

Tena kuna hao wachaguao maisha mengine. Waingiao seminari ndogo ni wengi, wafikao altareni ni wachache; hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna gombera asiyelijua. Benjamin Mkapa alipitia seminari ya Kigonsera, huko Ruvuma, akaishia kuwa Rais wa nchi kuanzia 1995 hadi 2005. Taifa limepata walimu, waandishi na watumishi wengi kwa njia hiyo. Lakini lugha ya mabweni humwita kijana huyo aliyeacha wito, kana kwamba ameangusha mzigo njiani, na mara nyingi huondoka kimya, sanduku mkononi, wenzake wakiwa darasani.

Wanyakyusa walikuwa na ubusoka, sherehe kuu ya kuwatoa vijana, ambapo wazee waliwakabidhi nchi mbele ya watu wote. Hakuna aliyetoka kwa siri. Tungependa seminari zetu ziliazime jambo hilo moja: kijana anayeondoka aondoke mchana, baada ya chakula bwaloni, wazazi wake wameketi meza moja na gombera, na wenzake wamsindikize mpaka barabarani yapitapo mabasi.