Kipimo Ndani ya Barua: Van Gogh Anajitathmini, Septemba 1881

Vyuo vingi vya sanaa humtaka mwanafunzi wa uchoraji wa vielelezo, kila amalizapo moduli, aandike ukurasa mmoja au miwili wa kujitathmini: amejifunza nini, amekwama wapi, ataendelea vipi. Maandishi hayo husomwa kwa ajili ya maksi kisha yakawekwa kabatini, ilhali ni utanzu wenye fani yake, na fani hiyo inaweza kuwa nzuri au mbovu kama ya insha yoyote. Mfano bora ninaoujua haukuandikwa chuoni. Ni barua ambayo Vincent van Gogh, akiwa na miaka 28, alimwandikia mdogo wake Theo katikati ya Septemba 1881 kutoka Etten, kijiji cha Uholanzi alikokuwa akikaa kwa wazazi wake.

Moduli yake ilikuwa kozi ya kuchora ya Charles Bargue, iliyochapwa na kampuni ya Goupil ya Paris, hasa yale mazoezi ya mkaa: karatasi 60 za miili ya watu iliyochorwa kwa mistari mitupu, ili mwanafunzi anakili na kuzoea vipimo vya mwili. Aliianza mwaka 1880 akiwa Borinage, Ubelgiji. Kiangazi cha 1881 alikwenda The Hague kumwona Anton Mauve, mchoraji mwenye jina aliyekuwa amemwoa binamu yake, na mazungumzo yao yakamrudisha kwenye kuchora watu walio hai. Theo alikuwa mfanyakazi wa Goupil, na ndiye aliyekuwa akimtumia kaka yake fedha. Kwa hiyo msomaji wa tathmini hii ni ndugu, ni mfadhili, tena ni mtu wa biashara ya picha. Barua inawasemesha wote watatu, na sauti yake hubadilika kila inapomgeukia mmoja wao.

Vincent haanzi na hisia. Anatangaza kwamba uchoraji wake umebadilika, na papo hapo anayagawa mabadiliko hayo mafungu mawili: namna anavyoifanya kazi, na kile kinachotoka. Mgawo huo unaibeba barua yote. Kisha anataja chanzo: maneno ya Mauve, pamoja na kurudia tena na tena mazoezi ya Bargue. Faida aliyoipata anaieleza kwa vitenzi vitatu tu, yaani kupima, kuona, na kuitafuta mistari mikubwa ya umbo. Hakuna neno "ubunifu" wala "kujiamini". Vitenzi vyote vitatu ni kazi za jicho na mkono, na mtu mwingine anaweza kuvihakiki kwa kuitazama michoro.

Halafu inakuja orodha, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Mkulima mwenye sepetu, mara 5, katika mikao tofauti. Mpanzi wa mbegu, mara 2. Msichana mwenye ufagio, mara 2. Baada ya hapo hesabu inakoma: mwanamke mwenye kofia nyeupe anayemenya viazi, mchungaji aliyeegemea fimbo yake, na mwisho mzee mgonjwa, mkulima, ameketi kitini kando ya meko, kichwa kakishika kwa mikono, viwiko vimetua magotini. Tazama jinsi idadi inavyopungua huku maelezo yakirefuka. Mkulima aliyechorwa mara tano anapewa sepetu basi. Mzee aliyetajwa mara moja anapewa kiti, moto, maradhi, mikono, viwiko na magoti. Sentensi inaanza kama daftari la duka na inaishia kama mchoro. Ukimsomea mtu maneno hayo huku ameshika penseli, ataweza kumweka mzee huyo kwenye karatasi, kwa sababu kila kiungo kimeelezwa kinaegemea wapi. Sidhani kama Vincent alilipanga hilo. Ni jicho lililokwisha kuzoezwa ambalo limeiburuta sentensi. Mkao huo wa mzee haukumtoka. Mwaka 1882 aliufanyia chapa ya mawe, na mwaka 1890 akauchora tena kwa rangi ya mafuta.

Sehemu iliyolegea kuliko zote ni ya fedha. Wanakijiji wanaokaa ili awachore, akiwamo kibarua Piet Kaufmann, ni lazima walipwe, na mlipaji hasa ni Theo. Ghafla vitenzi vinahamia wakati ujao. Anaahidi kwamba gharama itarudi mapema, kwa kuwa ni nadra sasa umbo kumharibikia kabisa, na aliyejifunza kulikamata umbo hadi lisimame imara kwenye karatasi hakosi pato. Ni lugha ya mdaiwa, na haina ile nguvu ya orodha. Miaka iliyofuata haikuithibitisha pia: Theo aliendelea kumtumia fedha hadi mwisho. Lakini hata humo ndani kuna kipimo cha kazi kilichopenya katikati ya ahadi. Umbo linalosimama imara kwenye karatasi ni jambo ambalo mwalimu yeyote wa kuchora anaweza kulikagua: je, uzito umeishukia miguu, au mtu anaelea?

Kiini cha barua kiko karibu na sehemu hiyo ya fedha, na ni rahisi kukipita. Vincent ameambatisha vichoro vya haraka ili Theo aone mikao. Papo hapo anamwonya: nimevichora leo mbiombio, na naona vipimo vyake vina kasoro zaidi kuliko michoro yenyewe. Hili laweza kusomeka kama unyenyekevu wa kawaida, ule wa mwanafunzi anayejishusha kabla hajashushwa. Mimi nalisoma vingine. Mwanzoni alidai amejifunza kupima. Sasa anashika kazi ya mkono wake mwenyewe, wino haujakauka vizuri, na kipimo kilekile kinamwonyesha ilipokosea. Anatoa ushahidi dhidi ya vichoro vyake, na kwa kufanya hivyo anaithibitisha faida aliyoitaja. Ambaye hajajifunza kupima hawezi kuliona kosa la vipimo. Huona tu kwamba "kuna kitu hakijakaa sawa". Ndiyo maana sentensi hiyo moja ina uzito kuliko aya nzima ya kuorodhesha udhaifu kwa majina ya jumla. Imetaja kosa la aina ileile ambayo moduli ilikusudiwa kuirekebisha, na imeliweka kosa lenyewe mbele ya msomaji alitazame.

Vipimo si suala alilolimaliza Etten. Juni 1890, akiwa Auvers, Ufaransa, alimwandikia Theo kwamba anataka kunakili upya karatasi zote 60 za Bargue, kwa kuwa akiacha kujifunza vipimo na mwili mtupu atakuja kujuta. Picha zake za alizeti zilikuwa zimekwisha kuchorwa wakati huo.

Barua ya 1881 inafungwa kwa namna inayonipendeza mno. Anarejea usemi wa Mauve kwamba kiwanda kinafanya kazi kwa nguvu zote, kisha anamwomba Theo, ikiwezekana, karatasi ya Ingres yenye rangi ya kitani kisichopaushwa, aina iliyo ngumu zaidi. Mtu aweza kulihesabu ombi hilo kuwa nyongeza ya pembeni, na wahariri wa barua fupi wangelikata. Lakini rudi nyuma kidogo. Amekwisha kueleza kwamba pamoja na penseli za conté alizotoka nazo The Hague, ameanza kutumia brashi, sepia na wino, na mara mojamoja rangi. Brashi ina maji, na karatasi nyepesi ikilowa hujikunja. Anayechora umbo lilelile mara tano, akipima na kufuta, anahitaji karatasi isiyochanika upesi. Rangi ya kitani nayo inampa mchoraji wastani uliokwisha kuwapo, ili giza na mwanga vyote viongezwe juu yake. Kile ambacho mwanafunzi wa leo angeandika chini ya kichwa "malengo ya baadaye" hapa kimekuwa oda ya karatasi, yenye rangi na ugumu wake, kwenda kwa ndugu aliye Paris ambako inauzwa.