Imani na Kutambuliwa kwa Utu katika Kusadikika ya Shaaban Robert

Ikisiri

Tasnifu hii inahakiki Kusadikika (1951), riwaya ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, kwa kuongozwa na nadharia ya kutambuliwa ya Axel Honneth. Kwa Honneth, mtu hujithamini kwa kupendwa, kupewa haki na kuheshimiwa na wenziwe. Wajumbe sita wa Kusadikika wanarejea na maarifa, kisha wanatupwa gerezani. Aliyetumwa Mbinguni anafungwa sawa na aliyetumwa Ardhini. Uhakiki unabaini kuwa imani inawapa thamani isiyotegemea kibali cha watawala, lakini haifungui gereza. Karama haiachii Akhera haki yao. Anaidai barazani, wangali hai. Hivyo, imani huhifadhi utu. Sheria ndiyo huurejesha hadharani.