Majalada ya Mezani: Jinsi ya Kuitambua Kazi Nzuri ya Njia za Mkato za Barua Pepe

Ukitaka kujua kama katibu muhtasi ameiva katika kazi ya barua pepe, usimwombe akuonyeshe folda zake zote. Angalia zile chache alizozipandisha juu, upande wa kushoto wa skrini, katika sehemu ambayo programu nyingi huiita Vipendwa. Folda zenyewe zinaweza kuwa mia mbili na kila moja ikawa na sababu yake. Hizo ni rafu za masjala. Njia za mkato ni majalada yaliyotolewa rafuni yakawekwa mezani kwa sababu leo yana kazi. Masjala iliyojaa si aibu. Meza iliyojaa ndiyo inayotia shaka, kwa hiyo mpimaji huanza na kile ambacho hakimo.

Chukua ofisi ya utalii ya Arusha inayopandisha wageni Kilimanjaro. Kila kundi lina folda yake: hili la njia ya Lemosho, lile la Machame, jingine la Marangu au Rongai. Ofisi isiyojua hupandisha folda ya kundi kwenye Vipendwa mara tu amana inapolipwa, kisha husahau kuishusha. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukiisha, orodha inateremka mpaka nje ya skrini, na kundi lililokwisha kurudi kwao Julai bado linapakana na kundi lililoko kambini usiku huu. Ofisi inayojua ina vitu vichache: maulizo mapya, makundi yaliyo mlimani, makundi yanayoingia karibuni, vibali, na malipo yanayosubiri benki. Kundi likishuka na kupelekwa uwanja wa ndege, njia yake ya mkato huondolewa siku hiyohiyo. Folda inabaki mahali pake na haipotezi hata barua moja.

Kuna atakayesema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi mtu huandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta akapata anachotaka. Ana hoja. Mwaka 2011 Steve Whittaker na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watumiaji 345 wa barua pepe, na wakaona kwamba waliopekua folda walitumia wastani wa sekunde 58 kuipata barua ya zamani, ilhali waliotafuta kwa neno walitumia sekunde 17. Mimi nauchukua utafiti huo kama hoja ya kuzipunguza njia za mkato, si ya kuzifuta. Barua ya zamani itafute kwa neno. Njia ya mkato iwe ya kazi usiyoweza kuitafuta kwa sababu hujui kama imefika: jibu la benki, kibali, ombi la mgeni usiyemfahamu bado. Njia ya mkato inayofunguliwa mara moja kwa mwezi ili kuchungulia risiti ya zamani haina haki ya kukaa pale.

Baada ya uchaguzi huja majina, na hapa ndipo ufundi unapoonekana wazi zaidi. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna tatizo letu wenyewe. Maneno yetu ya ofisini yamerundikana kwenye herufi moja: Maombi, Malalamiko, Malipo, Manunuzi, Maulizo, Mikataba, Mikopo, Mikutano, Mishahara. Yapange kwa alfabeti, kama Gmail inavyozipanga lebo zake, upate ukuta wa M ambao jicho huteleza juu yake bila kushika kitu. Ongeza Machame na Marangu, na ukuta umekamilika. Fundi hutanguliza neno linalotofautisha. “Malipo yanayosubiri benki” kwake huwa “Benki – malipo”. “Mkataba wa huduma ya usafi” huwa “Usafi – mkataba”. Kidirisha cha folda ni chembamba, na jina refu hukatwa mkia likaishia kwenye nukta tatu. Majina matatu yanayoanza na “Mkataba wa huduma ya” yataonekana kama jina moja lililorudiwa.

Tarehe nazo zina mtego wake. Anayeziita folda zake kwa majina ya miezi atakuta programu imeutanguliza Agosti, ikafuata Aprili, kisha Desemba, na Septemba imefunga safari. Mtindo unaokubali kupangwa ni wa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2026-07-14 Lemosho. Na mwezi wa saba uandikwe 07, kwa sababu orodha inayopangwa herufi kwa herufi huiweka 10 mbele ya 7.

Majina mengine hukataliwa papo hapo. “Muhimu” halisemi kitu, maana ndani ya wiki chache kila barua inakuwa muhimu. “Jibu leo” huoza usiku wa manane. “Mpya”, “Mpya 2” na “Mpya kabisa” ni historia ya mtu aliyekuwa na haraka. Jina la bosi ni kosa la aina nyingine: bosi atahamishwa, na atakayeshika kiti chake atarithi folda yenye jina la mtu asiyemjua. Andika cheo au jambo, kama masjala zinavyofungua jalada kwa jambo na si kwa aliyelibeba. “Mengineyo” nitaivumilia ikiwa ni moja tu, na iwe huko rafuni. Mezani, hapana.

Namba za kulazimisha mpangilio, “01 Maulizo”, “02 Vibali”, si dhambi, hasa kwenye Gmail. Lakini ukikuta mtu amezipanga kwa makumi, 10, 20, 30, jua amewahi kuongeza kitu katikati na hakutaka kubadilisha majina yote upya. Huyo mpe alama za ziada.

Kubadilisha jina ndiko kunakomtenga mzoefu na mgeni wa kazi. Swali la kwanza ni dogo: unabadilisha jina la njia ya mkato, au la folda yenyewe? Katika Outlook ya Windows, ile ya zamani iliyozoeleka maofisini, kilichomo kwenye Vipendwa ni folda ileile inayoonekana mahali pawili. Ukiibadilisha jina juu, umeibadilisha na chini. Amri ya kuiondoa kwenye Vipendwa na amri ya kuifuta kabisa zinakaa katika menyu moja, na kidole kilichochoka hakitofautishi. Programu hiyohiyo ina sehemu nyingine, hasa ya njia za mkato, inayofunguka kwa Ctrl pamoja na 7. Humo unaweza kuunda vikundi na kuipa kila njia jina ulipendalo huku folda ikibaki na jina lake rasmi. Ni watu wachache wanaoitumia. Ukimkuta anayeitumia, huna haja ya kuendelea kumpima.

Zipo pia folda za utafutaji, zilizoingia na Outlook ya 2003. Hizi hazihifadhi barua. Hukusanya mbele yako barua zinazotimiza sharti fulani, popote zilipo. Zipe jina lolote, zifute ukichoka nazo, barua zitabaki zilipokuwa. Tahadhari ni moja: ukifuta barua moja ukiwa ndani yake, umeifuta ile halisi.

Hatari huongezeka sanduku likiwa la watu wengi. Folda ya sanduku la pamoja ikibadilishwa jina na mmoja, imebadilika kwa wote, na mwenzako wa zamu ya usiku atadhani imepotea. Mtu muungwana hutangaza kwanza. Kwenye mfumo wa IMAP, unaoacha barua kwenye seva ili vifaa vingi vilisome sanduku moja, folda iliyopewa jina jipya inaweza kutoweka kwenye simu ya mwingine mpaka ajiandikishe upya kuiona. Seva nyingine hutumia nukta au mkwaju kutenganisha folda na folda ndogo, hivyo usiziweke alama hizo katika jina. Kuna na kioja katika kanuni za IMAP zilizochapishwa mwaka 2003 kwa jina la RFC 3501: Kikasha, yaani Inbox, kikibadilishwa jina, barua zake zote huhamia kwenye jina jipya, na Kikasha chenyewe hubaki pale pale, kitupu. Hivyo barua mpya hazikosi pa kuingilia.

Kuhusu mpangilio nitasema machache. Kinachofunguliwa mara nyingi kikae juu, na kikishakaa kisihamishwe, kwa sababu mkono hujifunza mahali kabla jicho halijasoma jina. Anayepangua orodha yake kila Jumatatu anajinyima faida hiyo. Rangi na vikaragosi ni mapambo. Kimoja chaweza kusaidia, kumi ni sherehe.

Kwa kupima kazi ya mtu, au yako, kifinye kidirisha mpaka kiwe na upana wa vidole vitatu uone majina gani bado yanasomeka. Kisha mwite mwenzako asiyekalia kiti hicho, umuulize barua ya kibali cha kundi lijalo ataifungulia wapi. Akielekeza kipanya bila kuuliza swali, kazi ni nzuri. Mwisho soma namba za barua zisizosomwa. Njia ya mkato yenye barua elfu moja ambazo hazijafunguliwa hakuna anayeihudumia, hata jina lake liwe zuri kiasi gani. Anza na hiyo kesho asubuhi: iondoe kwenye Vipendwa, folda yenyewe usiiguse, na kabla hujabofya, soma menyu mara mbili.