Gumzo la Wachezaji wa Gemu Msimu wa Sikukuu: Je, ni Porojo Tupu?

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukubaliana kwamba vitendawili, methali, ngano na utani ni tanzu zinazostahili kuchunguzwa kwa makini. Lakini mara tu mazungumzo yanapohamia mbele ya televisheni, ambapo vijana wawili wanacheza gemu na wengine wameketi nyuma yao wakingoja zamu, mhakiki hufunga daftari lake. Husema kwamba hizo ni kelele, au ni porojo, au ni uharibifu wa lugha.

Katika makala haya nakusudia kuipinga hukumu hiyo. Dai langu ni kwamba gumzo la wachezaji wa gemu, hasa katika likizo ya Disemba, ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili hulazimika kuunda maneno ya ndani ya jambo jipya. Tena kazi hiyo haifanyiki kwa sababu wachezaji wana ari ya kukuza lugha. Hufanyika kwa sababu anayeujua mchezo hana budi kumweleza ndugu yake asiyeujua.

Mazungumzo ninayoyazungumzia ni yale ya majumbani katika Kenya, mwishoni mwa mwaka, shule zinapokuwa zimefungwa na watu wa ukoo mmoja wanapokusanyika. Gemu inayotawala mikutano hiyo ni ya kandanda, ingawa zipo nyingine za mapigano, za mbio za magari na za visa virefu.

Msimu wa mfanyabiashara

Hatuwezi kulielewa gumzo hili bila ya kwanza kuona ni nani aliyeuandaa msimu wenyewe. Tangu mwanzo biashara ya gemu imeitegemea Krismasi. Mwaka 1975 kampuni ya Atari ya Marekani ilipotoa chombo cha kuchezea Pong nyumbani, kiliuzwa kupitia maduka ya Sears kwa ajili ya sikukuu hiyo. Mwaka 1982 kampuni hiyo hiyo ilitaka gemu iliyotokana na filamu ya E.T. iwe madukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw alipewa takribani majuma matano tu kuitengeneza. Matokeo yake yanajulikana: gemu nyingi hazikuuzwa, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za Atari ilifukiwa katika jalala la Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 jalala hilo lilipofukuliwa, nakala za E.T. zilionekana humo.

Mfano huu watuonyesha kwamba mfanyabiashara aweza kuamrisha tarehe ya kuuza, lakini hawezi kuamrisha watu watasema nini juu ya kitu alichowauzia. Tutazame jina. Gemu ya kandanda ya Electronic Arts ilianza mwaka 1993 ikibeba jina la FIFA. Mkataba wa jina ulipokwisha, toleo la Septemba 2023 likaitwa EA Sports FC 24. Hata hivyo, vijana wengi wangali wanasema wanacheza “fifa”. Kwao neno hilo limekwisha kuwa nomino ya kawaida, ambayo haina uhusiano na shirika la Zurich wala na mikataba yake. Jina lilikuwa mali ya kampuni. Neno limekuwa mali ya wanenaji.

Mfano wa bao

Kabla ya kulihukumu gumzo la gemu, yafaa tulilinganishe na gumzo la mchezo ambao Kiswahili kimeumiliki kwa muda mrefu, yaani bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Penye bao barazani huwapo wachezaji wawili na watazamaji wengi, na watazamaji hao hawanyamazi. Hushauri, hukejeli, hukumbushana mchezo wa jana.

Jambo la kuzingatia ni asili ya maneno ya mchezo huo. Lipo shimo liitwalo nyumba na lipo liitwalo kichwa. Mchezaji hulala, na akitaka huisafirisha nyumba yake. Hatua ya kwanza ya mchezo ni namua, na ya pili ni mtaji. Mwendo usio wa kula huitwa kutakasa. Maneno haya mengi ni ya kawaida yaliyotolewa katika maisha ya nyumbani, ya safari na ya biashara, yakapewa kazi mpya. Hapana kamati iliyokaa ikayatunga. Yalizaliwa kwa wachezaji na watazamaji wao, kizazi kimoja kikikifundisha kingine, hata ikawa vigumu kulieleza bao vizuri kwa lugha nyingine bila ya kuyaazima.

Hapa ndipo linapoanza swali letu juu ya gemu. Katika bao Kiswahili kimo ndani ya mchezo. Je, katika gemu kimo ndani, au kimeachwa pembezoni, kazi yake ikawa ni kutania na kutukana tu, ilhali mchezo wenyewe wasemwa kwa Kiingereza?

Kandanda na urithi wa redio

Jibu la swali hilo si moja kwa gemu zote. Katika gemu ya kandanda Kiswahili kimeingia ndani bila shida. Mtangazaji aliyerekodiwa ndani ya mashine husema Kiingereza, lakini wanaocheza husema kwamba wamepigwa chenga, wamepewa kona, wameotea, wamefungwa. Sababu yake si ngumu kuiona. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kukomaa kabla ya mashine kufika. Yalienezwa sana na redio, katika miaka ambayo sauti za watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela ziliufikisha mchezo kwa watu ambao hawakuuona uwanja. Mtangazaji wa redio alikuwa anayeona akimweleza asiyeona. Hakuwa na njia ya kulikwepa jambo kwa kulionyesha kwa kidole. Alikuwa lazima apate neno.

Katika gemu za namna nyingine urithi huo haupo. Wachezaji wawili mahiri wakicheza gemu ya visa au ya mapigano, maneno ya ndani huwa ni ya Kiingereza karibu yote, na Kiswahili hubaki katika salamu, viapo na vicheko. Mtu angeishia kuwasikiliza hao wawili, angekuwa na haki ya kusema kwamba lugha yetu imesukumwa pembeni. Kosa la wahakiki wetu ni kuishia hapo.

Nafsi na nyakati

Kabla ya kuendelea, tuangalie sarufi ya mazungumzo yenyewe, kwa maana hapa pana mambo ambayo mwanaisimu hapaswi kuyapita.

La kwanza ni nafsi. Mchezaji hasemi kwamba mtu wa kwenye kioo amekufa. Husema, “Nimekufa.” Kauli hii, yenye nafsi ya kwanza na kiambishi cha hali timilifu, haina mahali katika maisha ya kawaida isipokuwa kwa mzaha au kwa tamathali. Hapa husemwa bila mzaha, na jirani hujibu, “Basi nipe zamu.” Wengine watadhani huu ni upotofu ulioletwa na mashine. Sivyo. Mchezaji wa bao kete zake zikitekwa husema, “Nimeliwa.” Kiswahili kilikuwa na njia ya kumwingiza mtu mzima ndani ya chombo chake cha mchezo tangu zamani, gemu imeikuta njia hiyo wazi na kuipita.

La pili ni nyakati. Wakati wa mchezo maneno ni mafupi, nayo aghalabu ni ya amri: rudi, piga, toa, ngoja. Mchezo ukiisha lugha hubadilika ghafla, ikajaa viambishi vya masharti. Aliyeshindwa huanza kusema kwamba lau si pedi hii mbovu, angalishinda. Kwamba umeme usingalipepesa, lile goli lisingaliingia. Aliyeshinda humkatalia kwa kauli fupi za hali halisi: “Nimekufunga tatu.” Hivyo ubishi wao ni mapambano baina ya lililotokea na ambalo lingalitokea. Mwalimu anayehangaika kuwafundisha wanafunzi wake tofauti ya -nge- na -ngali- angeweza kujifunza mengi kwa kumsikiliza kijana aliyefungwa magoli matatu mbele ya binamu zake.

Anayejua na asiyejua

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Bronislaw Malinowski, katika insha yake ya mwaka 1923, alionyesha kwamba yako mazungumzo ambayo kazi yake si kupashana habari bali ni kuwaunganisha watu kwa kule kusemezana tu. Bila shaka gumzo la sikukuu lina sifa hiyo. Binamu ambao hawajaonana tangu Disemba iliyopita hawana mengi ya kuambiana. Shule zao ni mbalimbali, marafiki zao ni wengine. Gemu huwapa la kusema.

Lakini maelezo ya Malinowski hayatoshi, kwa sababu yanaacha jambo moja ambalo msimu huu hulileta. Mwaka mzima mchezaji wa mjini hucheza na wenziwe walio mahiri kama yeye. Disemba hukutana na ndugu mdogo, au binamu aliyekulia mashambani, au mjomba aliyejiketia kochini akataka naye ajaribu. Hawa hawajui. Nao huuliza maswali ya wazi kabisa: huyu ni nani, mbona amerudi naye alikufa, hiki kistari chekundu ni cha nini?

Hapo mchezaji mahiri hukwama. Neno la Kiingereza alilolizoea halimsaidii, kwa kuwa anayeuliza halijui. Hana budi kulitafuta jambo lenyewe kwa maneno waliyo nayo wote wawili. Atasema kwamba kile kistari ni nguvu zako, nazo zikiisha unakufa. Kwamba ukifa unafufuka pale ulipoweka alama. Kwamba yule mkubwa wa mwisho hapigwi kifuani, anavumilia, sharti umzunguke. Nguvu, kufufuka, kuweka alama, kuvumilia, kumzunguka: haya ni maneno ya nyumbani yaliyopewa kazi mpya, kama vile nyumba na safari zilivyopewa kazi katika bao. Ni kazi ile ile aliyoifanya mtangazaji wa redio. Tofauti ni kwamba hapa mweleza ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, naye hajui kwamba anatunga istilahi.

Twaweza kupata funzo la nadharia kutokana na hali hii. Istilahi haizaliwi pale ambapo wote wanajua, wala pale ambapo wote hawajui. Huzaliwa katika pengo lililopo baina ya wawili wanaopendana kiasi cha kuvumiliana. Kamati zetu za istilahi huanza na neno la Kiingereza na kulitafutia lenzake la Kiswahili. Mtoto huyu huanza na swali la ndugu yake. Ndiyo maana maneno ya kamati mara nyingi hufa kamusini, ilhali “nguvu zimekwisha” hudumu.

Kasoro za gumzo

Haifai kulisifu gumzo hili kupita kiasi. Kwanza, utani wake mara nyingi hauna ufundi. Matusi hurudiwa yale yale, wala hayafikii ule ujuzi wa mafumbo ambao malenga wa pwani walijibizana kwao. Anayetaka kuyaita majigambo na kuyaweka katika darasa moja na utanzu huo wa kale atakuwa ameyatukuza bila haki.

Pili, utabaka umo. Mwenye mashine ni mwenye neno. Huamua nani acheze, na kejeli yake huchekewa zaidi kuliko ya mgeni. Tatu, katika nyumba nyingi wasichana hupewa zamu ya mwisho, au huitwa jikoni kabla zamu haijafika. Kama istilahi huzaliwa kwa anayeuliza na anayejibu, basi anayenyimwa nafasi ya kuuliza ananyimwa pia nafasi ya kuitengeneza lugha. Hili si jambo dogo.

Nne, mazao ya gumzo hili hupotea. Januari ikifika binamu hutawanyika, na maneno waliyoyatunga hutawanyika nao. Bao lilikuwa na baraza la kila jioni lililoyatunza maneno yake. Gemu ina majuma machache ya Disemba.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba gumzo la gemu si porojo tupu wala si fasihi iliyokamilika. Ni karakana. Humo mna vipande vibovu vingi na vichache vilivyo imara, na kazi ya mhakiki ni kuvichambua.

Napendekeza basi kwamba idara zetu ziwaagize wanafunzi, wanapokwenda likizo ya Disemba, wachukue madaftari. Wasiandike matusi, kwani hayo tunayo ya kutosha, wala wasihesabu maneno ya Kiingereza ili kuthibitisha kwamba lugha imeharibika. Waandike maswali ya wasiojua na majibu waliyopewa, neno kwa neno, pamoja na umri wa aliyejibu na mahali alikokulia. Wawaulize wasichana vile vile, na waandike ni lini walipewa zamu. Tukiyakusanya majibu hayo kwa miaka mitatu au minne kutoka Mombasa, Kisumu, Nakuru na vijijini, tutakuwa na msingi wa istilahi za gemu ambao umekwisha kujaribiwa na watumiaji wenyewe. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, nami nawakaribisha watafiti wenzangu tuianze pamoja.